Mfumo bado uko jikoni: niuweke kwenye seva ya nani?

"Natengeneza mfumo wa kutunza hesabu za vicoba: michango, hisa, mikopo na marejesho. Naandika kwa Django (zana ya Python ya kujengea tovuti), data inakaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Tuko wawili, mimi naandika msimbo, mwenzangu anashughulika na vikundi hapa Moshi. Mpaka sasa kila kitu kiko kwenye kompyuta yangu ya mkononi, na tunataka viongozi wa vikundi viwili waanze kuujaribu, pamoja na malipo kwa simu. Kaka yangu anasema niende AWS, huduma ya Amazon ya kukodi seva, moja kwa moja kwa sababu kampuni kubwa zote ziko huko, na tukifika wanachama 10,000 sitahangaika. Rafiki yangu anasema zipo huduma za bure, nisitoe hata senti. Kampuni moja ya Dar es Salaam imenipa bei nafuu sana ya kulipia kwa mwaka, yenye cPanel, yaani paneli ya kuendesha tovuti kwa kubofya. Nimesoma habari za watu walioamka wakakuta bili ya maelfu ya dola, na hilo linanitisha. Linux naijua kiasi, naweza kuingia kwenye seva na kusakinisha vitu, ila si fundi. Bajeti yetu haizidi shilingi 50,000 kwa mwezi. Nichague ipi?"

Nikikusoma vizuri, ndugu yangu, kinachokusumbua zaidi ya jina la kampuni ni hofu ya kuchagua vibaya leo halafu ukakwama hapo hapo siku vikundi vitakapoongezeka. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wanunue mzigo wasiouhitaji, kwa hiyo tuanze nayo.

Wanachama 10,000 wa vicoba si mzigo mkubwa kwa kompyuta. Tupige hesabu kwa kutia chumvi kidogo. Vikundi vingi hukutana mwisho wa wiki, basi tuseme Jumamosi moja wanachama 2,000 wanaingia ndani ya saa moja, kila mmoja anafungua kurasa 10. Hayo ni maombi 20,000 ndani ya sekunde 3,600, yaani hayafiki 6 kwa sekunde. Django ikiendeshwa na Gunicorn, programu inayoipokelea maombi, yenye michakato 3, na kila ombi likichukua robo sekunde, unahudumia maombi 12 kwa sekunde. Seva ndogo ya kukodi inaliweza hilo bila jasho. Kinachoangusha mifumo ya aina yako ni ukurasa wa mikopo unaoiuliza hifadhidata mara moja kwa kila mwanachama badala ya kuuliza mara moja kwa kikundi kizima, au jedwali la miamala lisilo na faharasa, yaani orodha ya kutafutia haraka. Ukiwa na kasoro hiyo, AWS itakuuzia seva kubwa zaidi ili kuificha, na utailipia kila mwezi.

Kaka yako hakukosea kabisa. AWS ilifungua kituo chake cha Cape Town mwaka 2020, Microsoft walikuwa wamefungua vyao Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, na Google wakaingia Johannesburg mwaka 2024. Ni huduma imara na zipo barani kwetu. Tatizo ni namna zinavyouzwa. Kila kipande kina mita yake: seva kwa muda iliowaka, diski kwa ukubwa wake, data inayotoka kwa kila gigabaiti baada ya kiasi cha bure. Tangu Februari 2024 AWS hutoza hata anwani ya IP ya kawaida (namba ya kuitambua seva mtandaoni), nusu senti ya dola kwa saa, ambayo kwa mwezi inakaribia dola 3.6. Mtu anafuata somo la YouTube, anawasha kifaa kinachoitwa NAT Gateway kwa sababu mwalimu kakiwasha, na kifaa hicho peke yake kinafika kama dola 32 kwa mwezi kwa bei ya Virginia, hata kama hakuna mtu aliyefungua ukurasa wako. Hiyo tayari imezidi bajeti yenu yote.

Kuna imani moja kuhusu bili hizi inayohitaji kusahihishwa mapema. Watu huweka tahadhari ya bajeti, mfano dola 20, wakaamini kwamba ikifika hapo huduma itazimwa. Tahadhari hiyo ni barua pepe tu. Inakuambia umevuka, na mita inaendelea kuzunguka. Zile bili za maelfu ya dola ulizosoma kwa kawaida hutokana na funguo za akaunti zilizowekwa ndani ya msimbo, msimbo ukapandishwa hadharani GitHub, ghala la mtandaoni la msimbo. Zipo programu zinazopekua GitHub usiku na mchana zikitafuta funguo za namna hiyo. Zikizipata, ndani ya dakika chache kuna mtu anawasha seva kubwa kubwa za kuchimba sarafu za kidijitali kwa jina lako. Kwa hiyo hata usipokwenda AWS, funguo na nywila zako zikae kwenye vigezo vya mazingira ya seva, yaani mipangilio iliyo nje ya msimbo, kamwe zisiingie kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Na ukizifuta kwenye faili baada ya kuzipandisha, bado zimo kwenye historia. Dawa yake ni kuzibatilisha na kutengeneza nyingine.

Sasa hiyo ya bure. Rafiki yako ana hoja kwa hatua uliyopo leo, yaani ukitaka tu mwenzako auone mfumo kwenye simu yake akiwa mtaani. Render, kwa mfano, ina kifurushi cha bure ambacho unaunganisha na GitHub na mfumo unapanda wenyewe. Ila soma masharti yake: seva ya bure hulala ikikaa dakika 15 bila mgeni, na kuiamsha huchukua hadi dakika moja hivi. Hifadhidata ya bure ina ukomo wa siku 30. Zaidi ya hapo, faili zinazohifadhiwa kwenye diski ya seva hiyo hupotea kila unapopandisha toleo jipya. Kama viongozi wa vikundi wanapakia picha za vitambulisho au karatasi za mikutano, utazikosa siku utakapokuja kusahihisha hata nukta moja. Na cha bure hudumu kwa hiari ya mwenye nacho. Heroku ilikuwa kimbilio la wanafunzi wa programu dunia nzima, na Novemba 2022 ikafuta vifurushi vyake vya bure.

Lakini kwa mfumo wako, kinachonifanya niseme hapana kwa seva inayolala ni malipo. Fikiria jinsi malipo ya simu yanavyokwenda. Mwanachama anabonyeza lipa, simu inamwomba namba ya siri, anaiweka, pesa inakatwa. Baada ya hapo ndipo mtandao wa simu, au kampuni ya kati mnayoitumia, unapotuma ujumbe kwenye anwani ya seva yako kusema muamala fulani umekamilika. Ujumbe huo unasubiri jibu kwa sekunde chache. Seva ikiwa imelala, muda unakwisha kabla haijaamka. Baadhi ya watoa huduma hujaribu kutuma tena, wengine hawajaribu. Matokeo yake pesa imetoka kwa mama Neema, na daftari lako linasema mama Neema hajachangia. Nyote mnajua kikao cha kicoba kinavyokuwa hapo.

Hata seva iliyo macho saa zote inaweza kuukosa ujumbe, kwa sababu mtandao hukatika. Kwa hiyo andika kazi ndogo inayojirudia kila baada ya dakika kadhaa, inayochukua miamala yote iliyobaki "inasubiri" na kumwuliza mtoa huduma hali yake. Fanya hivyo popote utakapoweka mfumo. Na ujumbe uleule ukifika mara mbili, usimwongezee mtu mchango mara mbili: hakikisha namba ya muamala haiwezi kujirudia kwenye jedwali.

Malipo yana jambo jingine ambalo watu huligundua wamechelewa. Baadhi ya kampuni za malipo hukuuliza anwani ya IP ya seva yako ili waiandikishe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Kwenye majukwaa kama Render au Heroku, maombi yako hutoka kupitia anwani ambazo wateja wengine pia wanazitumia, na kuna mahali zinabadilika. Piga simu kwa kampuni mtakayotumia uwaulize kabla hujalipa seva yoyote: je, mnahitaji IP isiyobadilika? Jibu lao linaweza kumaliza nusu ya mjadala huu.

Ile ya Dar es Salaam yenye cPanel ni nafuu kwa sababu ni nyumba ya wapangaji wengi wanaotumia LUKU moja. Jirani akiwasha jiko la umeme, wewe friji inazima. Kwa tovuti ya kujitangaza, yenye kurasa chache na fomu ya mawasiliano, inafaa kabisa, na ningekushauri uichukue kwa kazi hiyo. Lakini huduma hizi zilijengwa zaidi kwa ajili ya PHP na MySQL. Nyingine zinaruhusu Python kwa njia ya kuunga, huku PostgreSQL ikiwa haipo au ni toleo la zamani, na ile kazi ya kukagua miamala kila dakika chache inaweza kuzuiwa au kuuliwa na mfumo wao. Waulize kama wana seva pepe, yaani VPS, sehemu ya seva unayoiendesha mwenyewe kwa mamlaka kamili. Wakiwa nayo kwa bei inayolingana na bajeti yenu, mambo yanabadilika, maana seva iliyo nchini ina faida ya kweli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki iliyumba vibaya, Tanzania ikiwemo. Mfumo uliokaa Dar es Salaam, kwa wateja ambao mitandao yao hubadilishana data humu humu nchini, hauna haja ya kuvuka bahari kwanza.

Hapo tunagusa umbali, ambao watu huutia chumvi. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda Frankfurt, Ujerumani, na kurudi, kwa njia ya mkongo ya takribani kilomita 10,000 kila upande, ni sehemu ya kumi ya sekunde kwa uchache. Ukijumlisha vituo vya njiani, tuseme milisekunde 150. Kufungua muunganisho mpya wa HTTPS huhitaji safari kama tatu hadi jibu la kwanza lifike, kwa hiyo mteja anasubiri karibu nusu sekunde. Kwa mhasibu wa kikundi anayeandika marejesho, hilo si tatizo. Hatari iko pengine: usiweke Django Frankfurt na hifadhidata Cape Town eti kwa sababu huko kuna ofa. Ukurasa mmoja ukiuliza hifadhidata mara 30, na kila swali likisafiri milisekunde 150, tayari ni sekunde nne na nusu. Viwili hivyo vikae jengo moja, au angalau kituo kimoja. Johannesburg iko karibu nasi kwenye ramani, lakini mitandao mingine ya simu huzungusha data njia ndefu, kwa hiyo pima kwa ping, amri inayopima muda wa data kwenda na kurudi, kutoka kwenye laini ambazo wanachama wenu wanazitumia kweli, tena Moshi, wala si kwenye Wi-Fi ya ofisi ya mtu Dar es Salaam.

Kwa hali yako, ningefanya hivi. Wiki hizi ambazo bado unarekebisha, endelea na kompyuta yako na mazingira ya majaribio ya mtoa huduma wa malipo. Ukihitaji ujumbe wa malipo ukufikie hapo ulipo, ngrok inakupa anwani ya muda ya HTTPS inayoelekea kwenye kompyuta yako. Ukitaka viongozi waone sura ya mfumo, tumia cha bure, kwa majina ya kubuni. Siku mchango wa kwanza wa kweli utakapoingia, hamia kwenye seva pepe ya bei isiyobadilika yenye RAM ya GB 2. DigitalOcean wanaiuza dola 12 kwa mwezi, na nakala zao za kila wiki huongeza asilimia 20 ya bei hiyo. Ulaya wana vituo London, Amsterdam na Frankfurt. Hetzner, wenye vituo Ujerumani na Finland, mara nyingi ni nafuu zaidi. Hata kodi ya ongezeko la thamani ikiongezwa juu yake, mnabaki ndani ya shilingi 50,000 au mnaigusa, kutegemea dola imeamkaje. Unapata IP yako mwenyewe, na seva haina mita ya kukushtua, isipokuwa ukivuka kiasi cha data kilichomo, ambacho kwa vikundi viwili hutakikaribia.

Gharama yake nyingine ni muda wako. Wewe ndiye utakuwa mlinzi wa seva hiyo. Ruhusu kuingia kwa funguo za SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) tu, zima kuingia kwa nywila. Kwenye faiwoli acha wazi milango ya tovuti, 80 na 443, na ule wa SSH. Mlango wa PostgreSQL, 5432, usionekane nje kabisa, maana ni miongoni mwa milango ambayo wageni wabaya huanza kuigonga siku ileile seva inapowaka. Washa masasisho ya usalama yajifanye yenyewe. Cheti cha HTTPS chukua Let's Encrypt bure, na hakikisha kinajihuisha, kwa kuwa kinadumu siku 90. Ukisoma aya hii ukahisi mwili umechoka, basi lipia jukwaa linalokufanyia kazi hizi, kwa kifurushi kisicholala, mradi suala la IP limekaa sawa na kampuni ya malipo. Itakugharimu kiasi kinachokaribiana na hicho na utalala usingizi. Sioni aibu yoyote katika hilo, na kwa watu wengi walio peke yao ningelipendekeza kwanza.

Ili usikwame popote, weka mambo machache mikononi mwako. Tumia PostgreSQL ya kawaida, usiingie kwenye hifadhidata ambayo ni kampuni moja tu inaiuza. Faili za wanachama weka kwenye hifadhi inayozungumza itifaki ya S3, ile ya hifadhi ya faili ya AWS, kwa kuwa kampuni nyingi zinaitoa. Domeni andikisheni kwa jina la biashara yenu, barua pepe yake muione wote wawili; nimeona wabia wakigombana na domeni ikabaki kwa aliyeilipia. Mkiwa hivyo, kuhama ni kazi ya usiku mmoja: unapunguza muda wa kukumbukwa kwa DNS (kitabu cha anwani za mtandaoni) hadi sekunde 300 siku moja kabla, unafunga mfumo, unachukua nakala kwa pg_dump, amri ya PostgreSQL ya kutoa nakala, unairudisha upande wa pili, unaelekeza domeni kule.

Nakala zenyewe zisikae kwa kampuni moja na seva. Machi 2021 jengo la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na wapo wateja waliopoteza vyote kwa sababu nakala zao zilikuwa hapo hapo. Kila usiku pg_dump, ifungwe kwa nywila, ipelekwe kwa mtoa huduma mwingine. Kisha kila mwezi irudishe kwenye kompyuta yako uone kama inafunguka na hesabu za kikundi zinalingana. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Na kadi mnayolipia, hata kama ni ile ya mtandaoni ya kwenye simu, iwe na salio kabla ya tarehe. Malipo yakigoma mara kadhaa, huduma husimamishwa, na mwisho seva hufutwa na diski yake.

Kuna mambo ambayo mimi wa mbali sifai kukuamulia. Majina, namba za simu na madeni ya watu ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuzipeleka nje ya nchi hakukukatazwa moja kwa moja, ila kuna masharti, na seva ya Frankfurt ni nje ya nchi. Nendeni kwenye Tume hiyo, au kwa mwanasheria anayeijua sheria hii, kabla ya kuingiza data ya kweli ya kikundi cha kwanza. Wakiwaambia data ibaki nchini, rudi kwa ile kampuni ya Dar es Salaam uulizie VPS, hata kama bei itawalazimu kuongeza bajeti. Na kama pesa za wanachama zitapita au kukaa kwenye akaunti yenu, badala ya kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kikundi, hilo ni suala la leseni ya Benki Kuu. Msianze kabla hamjapata jibu la maandishi.

Mwisho, kabla ya vikundi kuanza, tafuta mtu anayesimamia seva kila siku akae nawe mchana mmoja aikague. Arusha si mbali, kuna Chuo cha Ufundi na kuna Taasisi ya Nelson Mandela, hutakosa mtu. Mwombe aangalie faiwoli, nani anaweza kuingia, na akusimamie ukirudisha nakala mbele yake. Usimpe nywila yako wala funguo zako. Mfungulie akaunti yake mwenyewe kwenye seva, na akimaliza, ifute hiyo hiyo jioni.